Maswali Yenu kwa Fundi wa Modeli: Gari la Miaka Miwili Halina Kutu ya Miaka Thelathini

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni msomaji wako wa Mtwara, nina miaka 26. Kaka yangu aliyeko Muscat aliniletea boksi la modeli ya plastiki la kampuni ya Italeri, la lori la DUKW, lile la vita linalokwenda nchi kavu na majini, kipimo cha 1:35. Nimeliunga, nikalipiga kijani cha jeshi, nikabandika nyota, kisha nikalichakaza kwa rangi za mafuta. Nimetia kutu kila ukingo, michirizi ya kutu ubavuni kutoka juu hadi chini, na mwani kidogo chini ya bodi kwa kuwa lilikuwa linaingia baharini. Nataka liwe la ufukwe wa Normandy, Ufaransa, majeshi ya washirika yaliposhuka pale Juni 1944. Rafiki zangu wanalisifu, lakini mimi nikilitazama naona kuna kitu hakijakaa sawa na sikijui. Picha sita nimeambatanisha.

JIBU: Marahaba mwanangu. Picha zako nimezitazama kwa kioo cha kukuzia, moja moja, na nianze na sifa unayostahili. Pale bodi ya juu inapokutana na ya chini, mshono hauonekani kabisa. Najua kazi ya pale: pati ya kuziba ufa, msasa, pati tena, msasa tena, mpaka vidole vinakufa ganzi. Wengi huacha ufa wakajiambia watauficha kwa tope. Wewe hukuuficha, umeuondoa.

Kisichokaa sawa ni umri wa gari lako.

Nimepiga rangi vyombo vya baharini Tanga kwa miaka ishirini na miwili. Matishari hasa, kwa sababu bandari yetu kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga nje, na mzigo ukaletwa gatini kwa tishari. Kutu uliyoipaka naijua kwa jina na ukoo. Ile ya kahawia iliyoiva, inayovimba chini ya rangi na kuachia magamba, ni kutu ya chuma kilichokaa kwenye maji ya chumvi miaka mingi, kikapigwa rangi juu ya kutu, kikapigwa tena, hadi kikachoka. Sasa hesabu nami. DUKW ya kwanza iliundwa mwaka 1942. Jina lenyewe linasema hivyo: katika herufi za GMC, kampuni ya Marekani iliyounda malori hayo, D ni mwaka wa 1942, U ni aina ya gari lenyewe, K ni magurudumu ya mbele kuvuta, W ni ekseli mbili za nyuma kuvuta. Wanajeshi wakazitamka pamoja, zikatoka kama neno la Kiingereza la bata, na bata likawa jina lake. Kwa hiyo siku ya Normandy, hata lile zee kuliko yote lilikuwa halijatimiza miaka miwili na nusu, na mengi yalikuwa mapya kuliko hapo. Gari la umri huo likiwa na kutu ya tishari la miaka thelathini, jicho linakataa hata kama ulimi haujui kwa nini. Jicho lako limekataa. Lisikilize.

Hii haina maana liwe safi. Lile gari liliteswa, ila liliteswa kwa namna yake. Ukijua lilifanya kazi gani, utajua doa gani likae wapi.

Chini yake ni lori la kawaida la GMC la tani mbili na nusu, magurudumu sita yote yakivuta. Juu yake wakaunganishia bodi ya chuma isiyopitisha maji, na aliyesaidia kuichora ni Rod Stephens, mtu wa mashua za matanga za mashindano, pamoja na Mwingereza Dennis Puleston na mhandisi Frank Speir. Bati la bodi ni jembamba, kati ya milimita moja na nusu na tatu hivi. Si deraya. Risasi inapita. Jeshi lilikuwa na mashaka nalo mpaka Desemba 1942 huko Provincetown, Massachusetts, boti ya walinzi wa pwani ilipokwama kwenye fungu la mchanga usiku wa dhoruba. Vyombo vingine vilishindwa kuifikia, na DUKW ya majaribio ikaenda ikawatoa watu saba. Baada ya hapo yakatengenezwa zaidi ya 21,000.

Kazi yake Normandy ilikuwa ndiyo kazi ya matishari yetu, tofauti ni kwamba tishari linaishia gatini, nalo lilipanda mchanga, likashika barabara, likaenda kupakua ghalani, likarudi. Safari kwa safari, mchana na usiku. Meli iko nje, masanduku ya risasi yanashushwa kwa wavu, bodi inagongana na ubavu wa meli kila wimbi linapopita, kamba zinakwaruza ukingo. Wakati wa kurudi mara nyingi lilibeba majeruhi kuwapeleka melini.

Sasa chukua modeli yako, kaa nayo, uendeshe safari moja kichwani.

Dereva anapanda. Kupitia wapi? Gari halina milango. Anakanyaga kishikio cha ubavuni, anaruka ukingo. Basi hapo, mahali pa buti lake na kiganja chake, ndipo rangi ilipolika. Kipande cha sponji kilichochovywa rangi kisha kikapanguswa karibu kikauke, ugonge pale tu, na kwenye kingo za sehemu ya mzigo ambako masanduku yaligonga. Doa la kwanza lisiwe kutu. Liwe kijani kilichofifia, kwa sababu rangi huchubuka juu kwanza kabla ya kufikia chuma. Katikati ya machache kati ya hayo, weka nukta ya chuma kilicho wazi. Na katikati ya machache zaidi, chungwa jepesi la kutu changa. Chuma kikichubuka asubuhi kikarushiwa maji ya chumvi, kesho yake kina vumbi la chungwa. Hilo nimeliona maelfu ya mara, na linafutika kwa kidole. Likae ndani ya mkwaruzo na kivuli kidogo chini yake, usilichuruzishe hadi magurudumuni.

Mwani futa wote. Mwani, na vile vigamba vinavyong'ang'ania mkuku wa mashua, vinataka chombo kilale majini wiki nyingi. Hili lilipanda nchi kavu kila safari, mchanga ukalisugua tumbo. Tumbo la DUKW ni safi kuliko mabega yake. Ajabu, lakini fikiri.

Chumvi ndiyo uliyoisahau, nayo ndiyo saini ya gari hili. Maji yanayorushwa na omo, yaani mbele ya chombo, yanaanguka juu ya sitaha ya mbele, jua na injini vinayakausha, yanabaki mawingu meupe yasiyo na umbo yenye kingo kali kidogo. Chukua rangi ya mafuta nyeupe iliyotiwa kahawia kidogo sana, izimue kwa tapentaini iwe kama maji ya mchele, weka tone, acha likauke lenyewe. Usilisugue. Kingo zitajichora. Kutoka kwenye ukingo wa sehemu ya mzigo shusha michirizi michache ya hiyo hiyo. Michirizi uliyoifanya ya kutu ilikuwa mahali pake, rangi ndiyo iliyokosea.

Halafu mstari wa maji. Umeuchora kwa rula, na chombo hakikai hivyo. Mzigo uko nyuma ya dereva, kwa hiyo lililosheheni hukaa tezi, yaani nyuma, chini kuliko omo. Uamue kwanza: linakwenda melini tupu au linarudi limejaa? Jambo hili liliua watu, si la mapambo. Asubuhi ya tarehe 6 Juni 1944 pale Omaha, mmoja wa fukwe za Normandy, kikosi cha 111 cha mizinga cha Marekani kilipakia mizinga yake ya milimita 105 kwenye DUKW, na ndani humo humo wakatia risasi, mifuko ya mchanga na watu. Bahari ilikuwa imechafuka. Mizinga kumi na mmoja kati ya kumi na miwili ilizama. Gari lilikuwa na pampu za ngama, za kutoa maji yaliyoingia ndani, zinazoweza kushindana na tundu la upana wa sentimita tano, lakini pampu haishindani na wimbi linaloingia juu ya ukingo. Kila nikichora mstari wa maji wa modeli hii huwakumbuka wale. Chora wako ukiwa unajua bodi imebeba nini.

Chini ya mstari huo, kama gari limetoka majini sasa hivi, piga vanishi inayong'aa nusunusu na kijani kiwe cheusi kidogo. Juu yake isiyong'aa. Mpaka kati ya hizo mbili usiwe mnyoofu, uwe na vidole vya maji vinavyoshuka.

Mchanga: umetumia udongo gani? Kwenye picha ya nne naona wekundu. Udongo mwekundu wetu ni mzuri kwa shamba na kwa modeli ya lori la Tanganyika, lakini ufukwe wa Normandy ni wa manjano iliyopauka ikielekea kijivu. Saga chaki za rangi kwenye msasa, manjano mkavu na kijivu, chekecha kwa soksi ya nailoni. Jaza kwenye mistari ya tairi na ndani ya matao ya magurudumu, kwenye sitaha uwe kidogo sana. Ungeamua Kwajalein, kisiwa cha Pasifiki, ningekwambia weupe wa matumbawe. Ungeamua Iwo Jima, kisiwa cha Japani, ya Februari 1945 ningekwambia jivu jeusi la volkano. Na huko Iwo Jima, ukiweka watu ndani, soma historia kabla ya kushika brashi ya rangi ya ngozi: kampuni za malori haya namba 471, 473 na 476 zilikuwa za Wamarekani weusi. Waliendesha mzigo na majeruhi chini ya mizinga, na nimeona modeli nzuri sana za Iwo Jima zenye madereva weupe watupu kwa sababu karatasi ya maelekezo ilisema pinki. Inanikera kwa dhati.

Tairi sasa. Umeziacha zimejaa kama puto. Dereva wa DUKW aliweza kupunguza na kuongeza upepo wa tairi akiwa kwenye kiti chake, gari likitembea. Ile mirija inayotoka kwenye bodi hadi kitovu cha gurudumu ndiyo kazi yake, na umeiunga vizuri. Kwenye mchanga aliipunguza, tairi ikatanuka na kushika. Kwenye lami akaijaza. Basi modeli ya ufukweni yenye tairi ngumu haijaelewa gari lake. Saga chini ya kila tairi kwa msasa namba 400, isizidi milimita moja, kisha uvimbishe ubavu kidogo kwa pati. Ni kazi ya jioni mbili. Ukiimaliza, gari litakaa juu ya ardhi kwa uzito, lisielee juu ya meza.

Namna ya kuondoa ulichopaka: kwa kuwa ni rangi za mafuta na hujapiga vanishi juu yake, pamba ya masikioni yenye tapentaini kidogo sana itaitoa bila kugusa kijani cha chini. Jaribu kwanza chini ya tumbo. Kijani chenyewe, XF-62 ya Tamiya, ni sahihi, lakini kwenye kitu cha sentimita 27 kinaonekana cheusi. Pulizia ukungu mwembamba juu, sehemu tano za XF-62 kwa moja ya XF-57, ile ya manjano iliyopauka, kwenye nyuso zinazotazama mbingu tu.

Kutu nzito acha mahali pamoja ukipenda: ekzosi. Joto na chumvi vikikutana, miezi mitatu inatosha.


SWALI: Assalaamu alaykum mzee wetu. Niko Unguja. Nilimaliza meli yangu, nikapiga vanishi isiyong'aa ya kopo mwezi wa Aprili, na asubuhi nikaikuta imepata ukungu mweupe kama imemwagiwa unga. Miezi minane ya kazi. Je, imekwisha?

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Haijakwisha, tulia. Umepiga vanishi katikati ya masika, na unyevu wa hewa umenasa ndani yake. Kimiminika cha vanishi kinapofuka kwa kasi hupoza uso wa modeli, umande unaganda, weupe unabaki ndani. Sisi wa pwani tunalijua hili kwenye magari pia.

Subiri siku kavu, saa saba hadi saa tisa mchana, si asubuhi wala usiku. Piga ukungu mwembamba wa vanishi inayong'aa juu ya weupe huo. Mara nyingi nyufa ndogo zinazotawanya mwanga hujaa na rangi inarudi mbele ya macho yako. Ikirudi, acha siku mbili, ndipo upige isiyong'aa upya, pazia jembamba mara tatu badala ya moja nene. Kopo liweke kwenye maji ya vuguvugu dakika tano kabla, yasiwe ya moto, na ulitikise dakika mbili kamili, maana kinachoua mng'ao ni unga unaolala chini ya kopo. Kama modeli ni ya thamani kwako hivyo, jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki ulichokipaka rangi ile ile.


SWALI: Shikamoo babu. Nasoma kidato cha pili Bagamoyo. Sina kompresa wala bunduki ya kupulizia rangi. Nina brashi tatu. Naweza kutengeneza DUKW ya 1:72?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Unaweza, na kipimo hicho kinaifaa brashi kwa kuwa gari lote halizidi sentimita 13 na kidogo. Zimua rangi iwe kama maziwa, paka ukielekea upande mmoja, iache ikauke saa nzima, paka tena ukikatisha ule wa kwanza. Mara tatu au nne. Ukiona alama za brashi usirudie ikiwa mbichi, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Turubai la mzigo usitumie la plastiki: chukua karatasi ya shashi, ichovye kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ilaze juu ya mzigo na uiache ijikunje yenyewe.

Na kwa kuwa uko Bagamoyo, nenda ufukweni maji yakipwa, uangalie ngalawa na mashua zilizopandishwa. Tazama mahali kamba inapopita, mahali watu wanaposhika wanapoisukuma, na jinsi chumvi inavyokauka juu ya mbao. Chora kwenye daftari. Hilo ni somo ambalo mwenye kompresa ya bei kubwa wa mji usio na bahari halipati.


SWALI: Mzee Fundi, habari za kazi. Niko Nairobi. Nimesoma kwamba kulikuwa na DUKW zilizofungwa ngazi za zimamoto kwa ajili ya kupanda jabali. Nataka kuitengeneza ya 1:35 ikiwa imeinua ngazi yote. Ni kweli zilikuwepo, na nianzie wapi?

JIBU: Njema ndugu. Zilikuwepo, nne. Zilitengenezwa kwa ajili ya Pointe du Hoc, jabali la takriban mita 30 kati ya fukwe za Omaha na Utah huko Normandy, lililopewa askari wa Ranger, kikosi maalumu cha Marekani, waliteke tarehe 6 Juni 1944. Ngazi zilitoka kikosi cha zimamoto cha London, mita 30 kila moja, na bunduki za rashasha zikafungwa kileleni ili mtu afyatue akiwa sawa na adui aliye juu.

Anza kwa kupima rafu yako. Mita 30 kwa 1:35 ni sentimita 86. Juu ya gari la sentimita 27. Itataka msingi mzito, mbao ngumu ya mninga au mawe madogo yaliyogandishwa chini, la sivyo paka mmoja akipita imeanguka.

Lakini fikiria pia kilichotokea. Moja ilizama kabla ya kufika. Nyingine zilifika zikashindwa kupanda, kwa sababu mabomu ya siku zilizotangulia yalikuwa yamechimba mashimo ufukwe mzima na udongo wa mfinyanzi uliolowa ukawa unateleza. Moja iliinua ngazi ikiwa bado majini. Askari alipanda hadi kileleni akafyatua huku ngazi ikiyumba upande huu na upande ule kwa kila wimbi, wakalazimika kuishusha. Waliofika juu ya jabali walifika kwa kamba na kwa ngazi za mkono.

Kwa hiyo usiitengeneze imesimama wima kwenye mchanga mkavu kama iko kwenye gwaride. Gari liwe limeinama, magurudumu ya mbele kwenye ukingo wa shimo, ya nyuma majini, na ngazi ilale pembeni kwa digrii kadhaa. Mtu wa juu awe ameikumbatia. Maji yaliyo karibu na jabali yapige rangi ya mfinyanzi, si bluu. Chora pembe hizo kwanza kwenye karatasi kwa ukubwa kamili, ubandike ukutani, na unitumie picha ya mchoro huo kabla hujagundisha kitu.